Vitabu Vilivyokwenda Malishoni

Abiba Galma alitembea polepole, kichwa kimeinama kidogo, kama mtu anayefuata nyayo za mnyama aliyepotea. Alizaliwa katika boma la ng'ombe, akabahatika kusoma, na miaka ya sabini ikamkuta karani wa maktaba ya chumba kimoja kule Bulla Pesa, mjini Isiolo. Sanduku la vitabu la Merti lilikuwa wazo lake. Alimsihi Bwana Jonah, mkuu wa maktaba, mpaka akakubali vitabu vipelekwe kwa wafugaji kwa lori, na mzee Wako, mwenye duka huko, avigawe.

Kila kitabu kilikuwa na kadi. Mtu akiazima, jina lake liliandikwa kwenye kadi, nayo ikakaa maktabani hadi kitabu kirudi baada ya mwezi. Mwezi ulipita. Kiangazi kikafika katikati. Hakikurudi kitabu hata kimoja.

"Vitabu visiporudi kabla ya mvua, hakuna sanduku lingine," Jonah alisema. "Si Merti, si kule Kipsing wanakongoja lao." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuuma Abiba zaidi. Tangu utotoni alisikia watu wa kwao wakiitwa wasiojali kusoma. Sanduku lile lilikuwa jibu lake.

Akapanda lori la Lokwang, Mturkana aliyebeba sukari na unga kwenda Merti.

"Dada, hiyo sanduku yako ilikuwa nyepesi kuliko mbuzi," Lokwang alimtania, vumbi likiwafuata. "Lakini kelele yake imeshinda mbuzi wote wa Isiolo."

"Endesha, Lokwang."

"Si naendesha! Nyinyi Waborana nilizoea mkililia ng'ombe. Leo mnalilia karatasi!"

Merti, mzee Wako alimpokea kwa chai.

"Salaam aleikum, mzee."

"Aleikum salaam, binti Galma. Keti."

Wakaulizana habari za watu, za mifugo, za mawingu. Ndipo Abiba akauliza habari za kitabu cha kijani, kile cha magonjwa ya ng'ombe.

"Nilimaliza kukisoma nikampa Golicha," Wako alisema. "Golicha amempa Hawo, yule wa kando ya mto. Ndama wake wanahara."

"Lakini mzee, kadi ina jina lako!"

Wako alimtazama kama mtu aliyetukanwa mbele ya wageni. "Mtu akikupa ng'ombe wa maziwa, wewe umeshiba na jirani ana njaa, utamfunga ng'ombe huyo nyumbani? Na mwenye ng'ombe naye, atakuja kumdai angali anakamuliwa? Baba yako hakukufunza dabare?"

Abiba akainamia kikombe chake. Alifunzwa. Alikua kwa maziwa ya ng'ombe wa dabare, ng'ombe wa mtu aliyekuwa mbali, aliyemkopesha baba yake baada ya ukame kumaliza zizi. Ng'ombe wa namna hiyo aweza kupita mkono hadi mkono, lakini daima hujulikana yuko kwa nani. Hapa hapakuwa na mwizi. Watu walikuwa wamevipokea vitabu kwa sheria waliyoijua.

Akaanza kuuliza kimoja kimoja. Wako na wateja wake wakajibu, wakisahihishana, wakichekana: hiki kiko kwa fulani, kile kimehamia malishoni na fulani. Hapakuwa na kitabu kisichojulikana kilipo.

Akarudi Isiolo mikono mitupu.

"Umeleta vingapi?" Jonah akauliza.

"Sikuleta. Lakini najua kila kimoja kiko kwa nani." Akamweleza alilokuwa akilifikiria njia nzima. Anayempa mwenzake kitabu atume neno kwa dereva wa lori. Neno likifika, jina libadilishwe kwenye kadi. Kadi za Merti zifungwe uzi mwekundu, za Kipsing uzi mweusi. Kitabu kisidaiwe kikiwa bado kinasomwa.

"Na kikiharibika?"

"Ng'ombe wa dabare akifa, aliyepewa humpelekea mwenyewe ngozi, iwe ushahidi."

Jonah akacheka bila furaha. "Ngozi ya kitabu, Abiba? Haya. Tungoje mvua ipite, tuone."

Mvua ikaja, ikakata barabara. Abiba akakaa na kadi zake akisikiliza mabati, akijua kwamba sasa yuko mikononi mwa watu wa kwao.

Barabara ilipopitika, Lokwang aliingia na kifurushi cha gunia. Safari hii hakutania. "Imetoka kwa Hawo. Mto uliingia nyumbani kwake. Anasema anaona haya, lakini ndama wamepona."

Ndani mlikuwa na jalada la kijani peke yake, limekunjamana, limeanikwa kwa uangalifu hadi likakauka.

Jonah alilishika, akaligeuza nyuma na mbele. Kisha akauliza, "Uzi mwekundu unauzwa wapi hapa mjini?"

Miaka ya themanini, watunza maktaba wa miji mingine walikuja kuuiga utaratibu ule. Abiba hakuwaficha lolote. "Chukueni," alisema. "Mkiongeza kizuri, nasi mtuletee." Mmoja wao ndiye aliyerudi na wazo la kumwekea zamu anayekingojea kitabu, na Abiba akalipokea kwa shangwe.

Jalada lilibaki limetundikwa ukutani, juu ya meza yake. Mgeni akiuliza mbona maktaba inatunza kitabu kisicho na kurasa, alijibu, "Huyo aliwaponya ndama wa Hawo," akaendelea kufunga nyuzi.