Sandarusi ya Tonton

Harufu ya sandarusi ikiyeyuka ilikuwa kali na tamu, ikiingia kooni ilikaa humo hadi jioni. Ni utomvu wa mti mkubwa wa kinamasini, ng'ambo ya mto tulikoishi. Gome lake likijeruhiwa hutoa machozi mekundu yanayoganda. Kisangani watu waliuyeyusha wakaziba nyufa za mitumbwi, lakini sharti uchanganywe na mawese, la sivyo hukauka na kupasuka katikati ya maji. Hilo kila mtoto alilijua. Ndiyo maana, baada ya matanga ya papa, baba yetu, mama hakuondoa macho kwenye sufuria ya Tonton, mdogo wake papa.

Ukoo ulikuwa umeshabeba kitanda, baiskeli, hata kiti cha marehemu. Ulibaki mtumbwi, nao ndio uliotulisha: mama alitupakia mimi na wadogo zangu pamoja na vikwanga vyake, ile mikate ya muhogo, tukavuka kwenda sokoni. Tonton aliuomba, akanyimwa. Sasa alijitolea kuuziba bure, tena kwa kicheko, na mama hakupenda cha bure. "Kikulacho ki nguoni mwako," alituambia, nami nikaanza kumwogopa mtu aliyezoea kunibeba mabegani. Nilichungulia sufuriani nione wekundu wa mawese. Lakini sandarusi yenyewe ni nyekundu, ningejuaje?

"Semeki, mafuta iko ndani?" mama alimuuliza shemeji yake.

"Iko. Unaniona mulozi?"

"Bon. Panda na sisi. Utuvushe weye mwenyewe."

Tonton alinuna, akapanda. Tulivuka bila tone kuingia. Ng'ambo aliweka kasia chini, akatutazama sisi watoto, kisha akaenda kutafuta mtumbwi wa mtu mwingine wa kumrudisha. Hakukanyaga tena kwetu. Nililia, maana nilimpenda, na niliona tumemdhulumu.

Leo naishi Kabondo, upande wa mjini. Miti ile mingi imekuwa mbao, mitumbwi huzibwa kwa lami na vipande vya plastiki, na hakuna anayemuuliza mwenye boti ameweka nini, tunapanda tu. Mwaka huu, tukitoka kumzika Tonton, nilimwambia mama kile nilichokibeba miaka yote: yule mtu hakuwa na hatia, si alipanda pamoja nasi? Mama aliendelea kumenya muhogo, hakuinua hata kichwa.

"Aliitika kupanda sababu alijua kuogelea," akasema. "Batoto yangu habakujua."