Mshenga wa Usaili

Kampuni yetu inauza bima ya mazishi, na mwaka ule wakubwa wakaona kwamba sisi wafanyakazi ndio tuliokufa. Wakamleta mwanamke mmoja atufufue. Alivaa viatu vyekundu, akatembea huku na huku mbele ya skrini akituambia kwamba kila mmoja wetu ni bidhaa, na bidhaa isiyojinadi huozea rafuni. Wenzangu walitikisa vichwa kukubali, wakiwemo walioanza kuoza zamani. Kisha akatutaka tuandike uwezo wetu kwenye vikaratasi vya njano na kuvibandika ukutani. Jamaa wa meza ya pili, ambaye birika likichemka hulisahau mpaka jiko zima linanuka, aliandika "kiongozi wa kuzaliwa". Wa pembeni yake aliandika "mbunifu", na kwa kweli visingizio vyake vya kuchelewa vilikuwa na ubunifu mkubwa. Mimi changu nilikikunja nikakitia mfukoni.

Wala si kwamba mafunzo yale hayakunihusu. Yalinihusu mimi kuliko wote. Nafasi ya msimamizi wa dawati la wageni ilikuwa wazi. Dawati hilo huwahudumia Wakongo, Watanzania, Warundi na Wakenya wanaofiwa hapa Johannesburg na kutaka kumrudisha mtu wao kwao, na tangu msimamizi wa zamani aondoke nililiendesha mimi, kwa kukaimu, yaani kazi ya bosi kwa heshima ya karani. Niliitaka nafasi ile mpaka nikawa naiota. Tatizo ni kwamba sikujua mtu anasemaje kuwa yeye ni hodari bila kutamani ardhi ipasuke immeze.

Lawama namtupia mama. Mama ni mtu wa Morogoro. Alikutana huko na baba, aliyekuwa mkimbizi wa siasa kutoka huku, na ukombozi ulipopatikana wakaja wote Johannesburg, mimi nikiwa mgongoni. Baba alishafariki. Mama yupo, na miaka yote hii hajanisifia usoni hata siku moja. Nikipika vizuri husema, "Leo hujaunguza." Nilipompigia kumwambia nimepata shahada, alisema hongera, na nisisahau kuanua nguo. Kwetu sifa za mtu huzungumzwa akiwa chumba cha pili.

Kwa hiyo nilipoitwa kwenye usaili na kuambiwa nilete majina ya watu wawili watakaonizungumzia, aliyefurahi ni mama.

"Hapo sasa wamesema la kiutu," aliniambia jikoni kwetu Kensington. "Ila majina ya nini? Jina linazungumza? Apelekwe mtu."

"Mama, wanataka namba ya simu tu."

"Kaka yako alipoposa Soweto, tulipeleka namba ya simu?"

Hatukupeleka namba. Tulimpeleka fundi. Fundi huyu ni Mkongo wa Lubumbashi, mshonaji mwenye cherehani yake Joubert Park, mzee wa kanisa letu, na miongoni mwa sisi tunaosema Kiswahili mjini hapa hakuna mdomo unaoufikia wake. Kaka yangu ni mvivu tangu utotoni. Siku ile Soweto fundi alimweleza kwa namna ambayo mimi dada yake nilijiuliza tumekuja kumposea nani. Wakwe wakamkubali kijana huyo wa maneno, na mpaka leo wanamsubiri atokee.

Ningeweza kukataa. Nimesoma hapa, nafanya kazi kwenye jengo lenye lifti, nilijua vizuri kwamba usaili si posa. Lakini nilipofikiria kukaa mbele ya watu na kuanza kujimwagia sifa, niliona heri posa. Nikampigia fundi.

"Papa, naomba uje unizungumzie kazini."

"Eh, mwana, njo kazi yangu hiyo," alisema. "Weye useme jina yako tu. Ingine yote uniachie mi."

Alikuja na suti ya rangi ya zambarau aliyoishona mwenyewe. Wasaili walikuwa watatu: meneja, bibi wa utumishi, na yule yule wa viatu vyekundu. Walidhani ni baba yangu aliyenisindikiza, wakamwonyesha viti vya nje. Yeye akavuta cha ndani, akaketi. Akawaeleza, kwa Kiingereza kilichopitia Kifaransa kwanza, kwamba kwetu mtu wa maana hajisemei. Meneja, Mzulu wa makamo, alikohoa kuficha tabasamu, kwa sababu kwao pia bwana harusi hajipeleki mwenyewe kuzungumza lobola, yaani mahari. Akasema mzee aachwe aseme kidogo.

Mzee akasema. Alisema jinsi ninavyopokea simu ya mfiwa na kunyamaza naye kwanza kabla ya kumwuliza chochote. Alisema Joubert Park watu hulitaja jina langu, la kampuni hawalijui. Alisema nilimsafirisha marehemu mke wa jirani yake akafika nyumbani kabla ya wifi zake waliotangulia kwa basi. Nusu ya maneno yale ilikuwa kweli, na nusu nyingine nilitamani iwe kweli, nikajikuta nimekaa wima kwa fahari. Wa viatu vyekundu aliacha kuandika, akabaki kumtazama. Mwishoni akanigeukia akauliza kama nina la kuongeza.

Niliinamia meza. "Mzee amesema yote," nikajibu, maana ndivyo binti anayeposwa anavyojibu.

Tukiwa kwenye lifti fundi alinipigapiga bega. "Sharp, mwana. Mambo imeisha."

Wiki iliyofuata walipiga simu. Walimpigia yeye. Walimwambia kwamba mtu anayesema Kiswahili, Kifaransa na Kilingala, anayejulikana Joubert Park nzima, na anayeweza kunadi bidhaa huku bidhaa yenyewe imekaa kimya pembeni, ndiye msimamizi waliyekuwa wakimtafuta. Alikuja mwenyewe kutueleza, kuku wa kuchoma mkononi, akasema kwamba mara ya kwanza alikataa, ila walimsihi sana.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkaribisha chai. Kisha akaniambia mimi, fundi akiwa palepale, "Tumetuma mshenga, kaoa mwenyewe."

Sikucheka. Nilikwenda bafuni nikafungua bomba, nikalia. Nilikuwa na hasira na fundi, na hasira na wale watatu, lakini kubwa kuliko zote ilikuwa juu yangu mimi, niliyekaa pale kama mzigo unaosubiri kupakiwa.

Jumatatu fundi aliingia ofisini na suti ile ile. Alipita kila meza akisalimia, akauliza habari za watoto, akasifu tai za watu, na kabla ya chai ya saa nne walishampenda wote. Ndipo akaja kwangu, akavuta kiti karibu, akashusha sauti.

"Mwana, niko na haya, lakini unionyeshe. Ile karatasi ya ubalozi, banaiombaka wapi?"

Nikaweka simu chini. Nikamwambia kwamba ndani ya jengo hili hakuna anayeijua kazi hii kama mimi. Kwamba wafiwa wananiamini mimi, si kampuni, na nikiondoka leo watu watakwama mpakani na jeneza lao. Kwamba kiti alichokalia ni changu, nilikifanyia kazi, na ninakistahili. Nilimtazama usoni muda wote. Maneno yalikuja yenyewe, na sikutafuta hata moja.

Fundi alinisikiliza mkono ukiwa kifuani, akitikisa kichwa taratibu mpaka nikamaliza.

"Kabisa, mwana," akasema. "Ni vile vile nilibaambia bale batatu."