Nilivyopeleka Msiba wa Mtu Aliye Hai

Asubuhi ile niliondoka Igurwa bila kujua niendako, kama kawaida yangu. Nilipofika Ihanda niliingia kibandani kunywa chai, nikasikia redioni watu wakimlilia mwimbaji mkongwe, mzaliwa wa Mabira: "Mzee ametutoka!" Umeme ukakatika hapohapo.

Mimi niliyeacha shule darasa la tano lakini nataka kuwa wa kwanza kujua kila kitu, nikapanda bodaboda hadi Mabira kwa dada wa mwimbaji huyo.

"Shikamoo mama. Kaka yako hatunaye."

Akakaa chini juu ya kahawa aliyoanika. "Tulinuniana miaka yote hii," akalia. "Nilikuwa nangoja aanze yeye kunisemesha."

Majirani wakajaa uani. Jioni ilipoingia, mimi wakanipa chumba cha kulala. "Mleta taarifa hawezi kulala njiani," walisema.

Nilikuwa navua viatu niliposikia jirani akipiga simu ya marehemu, aulize mwili utaletwa lini. Akapokea marehemu mwenyewe, sauti ikasikika ua mzima.

"Nani kafa? Nilialikwa kwenye kipindi cha vichekesho redioni, nikaigiza maiti!"

Dada yake akapewa simu. Akamsikiliza kaka yake akicheka, akaikata simu, kisha akaja kusimama mlangoni pa chumba changu. "Vaa viatu vyako, mleta taarifa," akasema.