Mama Mkunga Hayupo

Kipindupindu kilipoingia mjini, karani mmoja wa idara ya habari alikabidhiwa simu nne na watu arobaini. Watu wenyewe hawakuwapo: fundi cherehani, dereva, mwalimu mkali, wote wa kubuni. Kazi yake ilikuwa kuwasemesha mtandaoni kwamba maji ya bomba ni safi, na wanaolalamika ni wachochezi.

Kusema kweli, aliifurahia. Aliwagombanisha, akawapatanisha, akacheka peke yake ofisini hadi mkuu wake akachungulia mlangoni. Aliyependwa kuliko wote ni Mama Mkunga, mstaafu mwenye maneno matamu na wafuasi elfu ishirini.

Jumamosi moja mchana alimtembelea shangazi yake. Shangazi akafungua bomba, akakinga kikombe, akakipeleka mdomoni.

"Shangazi! Hujachemsha?"

"Nichemshe ya nini? Mama Mkunga kasema ni salama. Yule mama ana akili, si kama nyie."

"Shangazi, Mama Mkunga ni mimi."

Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu. "Wewe? Unayezimia ukiona sindano?"

Basi karani akatoa simu ya kazi, akaandika kwa jina la Mama Mkunga: "Shangazi mwenye kanga ya njano, weka kikombe chini." Simu ya shangazi ikalia mezani. Akasoma. Akaitazama kanga yake. Kikombe akakiweka taratibu.

"Mwanaharamu mkubwa wee! Na wenzangu je, wanaokunywa sasa hivi?"

Karani alikaa palepale jikoni akaandika: "Wanangu, mimi si mkunga. Ni karani, na nimeagizwa niwadanganye. Maji si salama. Chemsheni." Chini yake fundi cherehani akajibu, "Hata mimi sipo." Dereva akafuata, "Wala mimi." Hadi wote arobaini wakajikana. Mji ulicheka, ulitukana, ukabandika masufuria jikoni.

Jumatatu mkuu wake alimfukuza kazi kwa sauti ya juu, kisha akamnong'oneza: "Mke wangu anauliza, yachemke dakika ngapi?"

Zahanati ya mtaani ilimchukua aelimishe wagonjwa kwenye foleni. Siku ya kwanza mzee mmoja alimuuliza kuhusu dawa ya kutibu maji.

"Sijui, baba," karani alisema, na kujisikia mwepesi ajabu. "Ngoja nimuulize muuguzi."