Marobota Mawili ya Bafta

Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu, mimi na mama mkwe wangu tulikuwa na doti moja tu ya khanga inayofaa kuvaliwa mbele za watu. Akienda yeye harusini, mimi nabaki nyumbani na kaniki yangu iliyopauka. Nikienda mimi kumjulia hali mgonjwa, yeye anabaki. Hilo halikumuudhi hata kidogo. "Wewe na mimi ni mtu mmoja," aliniambia siku moja huku akinitengenezea khanga ile mabegani. "Leo mtu huyo anatoka na sura nzuri." Tukacheka mpaka baba mkwe akauliza kulikoni.

Nilikuwa nimetoka Baleni kuja kuolewa Bweni, kaskazini kabisa mwa Mafia. Kwetu hatukuwa matajiri, lakini minazi tuliyovuna ilikuwa yetu. Familia niliyoolewa haikuwa na mnazi hata mmoja. Baba mkwe alikuwa mkwezi, anapanda minazi ya watu kwa ujira. Wanawe wawili, mume wangu na kaka yake, walivua kwa vyombo vya watu. Mama mkwe alisuka misala na kuokota pweza mwambani maji yakitoka. Ilikuwa ile miaka ya vijiji vya Ujamaa, na duka la kijiji lilikuwa na mashelfu mazuri ya mbao yasiyo na kitu. Sabuni ikija, habari ilifika kila nyumba kabla gari halijazima. Nguo ndiyo ilikuwa haionekani kabisa.

Mama mkwe alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti iliyokuwa ikifika kabla yake. Kila alasiri majirani walijaa barazani kwake na kili zao, wanasuka na kusikiliza hadithi zake. Aliipenda ile ya siku ya Uhuru, alivyocheza ngoma na wenzake mpaka rangi ya kaniki yake mpya ikamchuruzikia miguuni kwa jasho, akarudi nyumbani ana miguu ya buluu. Walikuwa wameisikia mara nyingi, na bado waliiomba.

Siku ya marobota ilikuwa ya bamvua, maji yametoka mbali sana. Mimi na yeye tulikwenda kutafuta pweza upande wa mnara wa taa. Usiku uliotangulia upepo ulikuwa mkali, na mwamba ulijaa mwani na magogo. Kwa mbali tuliona vitu viwili vyeusi vimekaa juu ya mawe.

"Nguva wamekufa," nilisema.

"Nguva gani ana kamba tumboni?" alinijibu, akaanza kukimbia.

Yalikuwa marobota mawili, yamefungwa kwa magunia, kamba na vyuma vyembamba, makubwa kiasi kwamba hatukuweza kulisogeza hata moja. Yalitoka meli gani, mpaka leo sijui. Mama mkwe alichana gunia kwa ncha ya mkuki wa pweza. Ndani ilikuwa bafta, nyeupe pepepe, iliyokunjwa safu juu ya safu. Safu za nje zilikuwa zimelowa. Aliposukuma mkono ndani zaidi, alinitazama macho yamemtoka.

"Huku kukavu, mwanangu! Kukavu!"

Akakaa juu ya robota na kuanza kutaja wanawake wa kijiji, nani ana mtoto mchanga asiye na nguo, nani anaswali kwa kuazima, nani hatoki ndani kwa aibu ya kuvaa tambara. Mimi nilikuwa nikifikiria gauni langu. Yeye alikuwa ameshavika mtaa mzima.

Tuliwaita wanaume. Walipofika, shemeji yangu, yaani kaka wa mume wangu, hakuonyesha furaha. Alizunguka marobota mara kadhaa huku akitazama pwani kama kuna mtu anayetuona.

"Kitu cha baharini ni cha Serikali," alisema. "Wakijua, watachukua vyote. Na kijiji kikijua, kila mtu atataka kipande, sisi tubaki na gunia. Tuyafiche."

"Nimeyaokota mimi," mama mkwe alisema. "Na mimi nataka kugawa."

"Umeyaokota, mama. Lakini utayabeba?"

Baba mkwe alikuwa amesimama akishika ile bafta kwa vidole vyake vilivyochubuka kwa ukwezi. Sikuwahi kumwona akishika kitu kwa upole namna ile. Mwisho akasema, "Tuyafiche kwanza. Mambo yakitulia tutaona." Mama mkwe alikubali. Kwa mumewe alikuwa mtiifu, na alidhani kweli ni jambo la muda.

Wanaume waliyabeba wakapita vichakani, wakayaweka chumba cha ndani. Taabu ikaanza siku hiyohiyo. Nguo zilizolowa chumvi zilitakiwa kusuuzwa na kuanikwa, lakini kuanika bafta uani ni sawa na kupiga mbiu. Kwa hiyo tulizitundika ndani, chumba kwa chumba. Tulilala chini ya nguo zinazodondoka maji, tukapika kwa moshi uliozigeuza rangi. Nyingine ziliota koga. Nilipata kikohozi kisichokwisha. Tulikuwa na nguo kuliko duka lolote la Mafia, na mimi na mama mkwe bado tulipokezana ile doti moja, kwa kuwa tukionekana na kitu kipya tutaulizwa tumekipata wapi.

Mlango wa mbele ukawa unafungwa mchana. Majirani walikuja na kili zao kama kawaida, baba mkwe akawaambia mama anaumwa. Wakaleta uji. Akaupokea mlangoni. Baada ya muda hawakuja tena, na sauti ya mama mkwe ikapungua ndani ya nyumba ile kama mtu aliyewekwa chini ya kapu.

Baba mkwe aliacha kukwea. Alikaa kwenye kiti mbele ya chumba cha ndani tangu asubuhi. Zamu yake ya shamba la kijiji ilipofika, alisema mgongo unamuuma. Mume wangu, mtu niliyempenda kwa ukarimu wake, alianza kuipima ile nguo kwa mkono kila akirudi baharini, aone kama kaka yake amekata. Kaka yake naye akawa anampima yeye kwa macho. Walikuwa wamekula sinia moja tangu utoto. Sasa kila mmoja alichukua chakula chake akaenda kukaa kona yake.

Siku moja tuliamka tukakuta robota moja halipo, na shemeji hayupo. Alikuwa amekwenda nalo bara, kwa chombo cha watu aliowaamini, waliomsaidia kulibeba usiku. Alirudi baada ya wiki nyingi, amekonda, mikono mitupu. Alisema wale watu walimshusha pwani ya Rufiji kuulizia wanunuzi, kisha wakatweka tanga wakaondoka na robota.

"Mwongo," mume wangu alisema. "Umeuza, na pesa umezificha."

Mimi niliuona uso wa shemeji, na niliamini kwamba ameibiwa kweli. Lakini mume wangu hakuwa akitazama uso. Maneno yalipanda, wakashikana uani, na shemeji akaokota panga la kufulia nazi. Mume wangu alikinga kwa mkono wa kushoto. Panga lilipita juu ya kiganja na kukata mishipa. Kidonda kilipona, lakini vidole vinne havikujikunja tena mpaka anaingia kaburini. Hakuweza tena kuvuta wavu wa jarife wala kushika kamba ya tanga. Shemeji alitupa panga palepale, akakimbia, na kwa miaka hatukujua aliko. Baba mkwe aliwaambia watu kwamba mwanawe ameangukia mwamba.

Mama mkwe alimwosha mwanawe mkono ule kwa maji ya chumvi kila siku, akamfunga kwa vipande vya bafta. Mara moja tu nilimsikia akisema, kwa sauti ndogo nisiyoizoea, "Tuliiokota ituvike. Inatuvua."

Halafu ukaja msiba wa mgeni.

Kila msimu wavuvi kutoka Kilwa na kwingineko walipiga dago, yaani kambi yao ya muda, pwani karibu na kijiji. Mmoja wao alishikwa na homa akafa. Alikuwa kijana, hana ndugu Mafia nzima. Wenzake walikwenda duka la kijiji kutafuta sanda, hakuna. Wakawa wanapita nyumba kwa nyumba, na balozi wetu wa nyumba kumi akiwaongoza. Walifika kwetu jua la saa sita.

"Hodi! Asalaam aleikum."

Baba mkwe aliufungua mlango kidogo. "Waaleikum salaam."

"Shikamoo, mzee," mmoja wa wavuvi alisema. Alikuwa na macho mekundu. "Tumefiwa. Tunatafuta hata shuka jeupe, kuukuu si neno. Tukikosa tutamzika na tanga la chombo, lakini lina viraka na lami."

"Marahaba, wanangu. Poleni sana." Baba mkwe alikohoa. "Kwa kweli hatuna kitu."

Mimi na mama mkwe tulikuwa nyuma ya pazia. Nilimwona akitazama sakafu. Kisha akageuka, akaingia chumba cha ndani, akafungua robota, akatoa jora zima lililo kavu na safi. Akalitia kichwani. Nilimshika mkono kwa hofu.

"Niachie, mwanangu," alisema. "Huyu na yeye ana mama huko kwao."

Akampita mumewe mlangoni, akatoka nje kweupe. Wale wavuvi walirudi nyuma hatua moja kama walioona jini.

"Sanda hii hapa," mama mkwe alisema, na sauti yake ilikuwa imerudi yote, mpaka majirani wakatoka. "Haikununuliwa. Niliiokota mwambani, tukaificha. Humu ndani ipo nyingine. Kwanza tumzike kijana, kisha mje mniulize mnachotaka."

Akatangulia yeye kwenda dagoni, jora kichwani, wavuvi nyuma yake. Nikamfuata. Alikaa na wanawake akiwaonyesha pa kukata mpaka sanda ikakamilika, na maiti ikazikwa kabla ya alasiri, katika makaburi ya kijiji, kama mwenyeji.

Tuliporudi, baba mkwe alikuwa bado kwenye kiti chake. "Umenivua nguo mbele ya watu," alisema. "Nimekuacha. Talaka moja."

Mama mkwe hakulia wala hakubishana. Alichukua ukili wake na msala wake wa kuswalia, akaenda kukaa kwa rafiki yake mjane, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Ile doti ya khanga aliniachia mimi.

Kesho yake mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano kwenye darasa la shule. Wako waliotaka baba mkwe apelekwe polisi Kilindoni. Mwanamke mmoja alisimama akamuuliza mama mkwe kwa uchungu, "Mwanangu alikuwa hana nepi, nikimkusanyia vitambaa vya magunia. Wewe ulikuwa unalala juu ya bafta?"

"Nilikuwa nalala chini yake, na ilinidondokea maji," alijibu. "Lakini ndiyo. Ulikuja mlangoni na uji, na mimi nilikuwa ndani mzima. Sina la kujitetea."

Watu walitegemea ubishi, wakakosa pa kushika. Polisi hakuitwa. Iliamuliwa sehemu ya bafta ikae msikitini kwa ajili ya sanda, na iliyobaki ishonwe mashati ya wanafunzi. Si yote iliyofika huko. Vipande kadhaa vilipotelea njiani, na baadaye tuliviona vimekuwa mapazia kwenye madirisha ya watu fulani. Mama mkwe alicheka tu. Alisema angalau yale yameanikwa nje.

Hasira za kijiji hazikwisha siku moja. Ila alasiri moja yule mwanamke wa nepi alipita na ukili wake, akakaa karibu na mama mkwe barazani kwa mjane bila kumsalimu. Siku ya pili walikuja wengine. Baba mkwe alikuwa akisikia vicheko na hadithi zao kutoka kwenye kiti chake, na chumba anachokilinda sasa kilikuwa kitupu. Kabla eda haijaisha alikwenda kumwomba arudi. Mama mkwe alimwacha amesimama uani kwa mjane mpaka alipomaliza kusuka upande wa msala.

"Nitarudi," alisema. "Mlango wa mbele usifungwe mchana. Na wewe urudi kwenye minazi."

Akakubali yote mawili.

Kilichonishangaza zaidi ni jinsi mama mkwe alivyomshughulikia mume wangu. Huyu alikuwa amekaa tu, mkono mapajani, akijiona si mtu. Mama yake alimpa miyaa akamfundisha kusuka, kidole gumba cha kushoto kikishikilia, mkono wa kulia ukifanya kazi. Kwetu kusuka misala ni kazi ya wanawake, na vijana walimcheka. Mama mkwe aliwaita mbele yake akawapa miyaa na wao, wajaribu. Walishindwa hata kuanza. Mume wangu alisuka polepole, lakini misala yake ilibana vizuri, na ndiyo iliyowalisha wanangu.

Shemeji alirudi wakati watoto wangu wakubwa wameshaanza shule. Alikuja kwa miguu kutoka Kilindoni na mfuko mmoja, akasimama mwisho wa uwanja hathubutu kusogea. Mama mkwe alikuwa barazani.

"Shikamoo, mama," alisema kutoka kule mbali.

"Marahaba. Mbona unaniamkia kama mpita njia? Sogea." Kisha akanigeukia. "Mwanangu, ongeza mchele."

Mume wangu aliinuka akaondoka. Nilidhani harudi. Alirudi chakula kilipokuwa kinapakuliwa, akakaa kwenye sinia upande wa pili wa kaka yake, wakala. Shemeji alikuwa akiutazama ule mkono wa kushoto.

Asubuhi yake baba mkwe, aliyekuwa mzee sasa, alikuwa na minazi ya mtu ya kukwea. Shemeji alimpokea kamba bila kuulizwa, akapanda. Mume wangu alikwenda akasimama mbali kidogo na shina, akaanza kukusanya nazi kwa mkono mmoja kadiri zilivyokuwa zikianguka. Mama mkwe aliegemea nguzo ya baraza akaita kwa sauti yake ile:

"Wewe huko juu! Angusha na dafu la mama yako!"