Tangi la Enock

Pale Kharumwa, ukitaka kitanda ambacho hakitalia kila ukijigeuza, unakwenda kwa Enock. Banda lake la useremala liko nyuma ya soko, na kwa kawaida utamsikia kabla hujamwona, kwa sababu huimba huku anapiga randa. Ni mwimbaji wa besi kwenye kwaya ya kanisani. Mke wake, Agnetha, husema yeye aliipenda sauti kwanza, mwenye sauti akaja kumwona baadaye.

Enock ana ugonjwa mmoja tu: hapitwi na shindano. Redio ikiuliza swali, yeye keshatuma jibu. Majani ya chai yakiandikwa "kusanya ushinde", nyumba nzima itakunywa chai mpaka wageni waanze kuikimbia. Katika miaka yote hiyo aliwahi kuambulia kofia, nayo ilimbana.

Droo ya mwaka jana ilikuwa ya sabuni ya mche. Ukituma namba iliyochapwa ndani ya karatasi ya sabuni, jina lako linaingia. Savita, mwenye duka la jumla karibu na stendi, alimwekea karatasi ambazo wateja walizitupa mlangoni pake.

"Wabeja, Mama Jinal," Enock alimshukuru kwa Kisukuma kila alipozichukua.

"Ukishinda usitusahau," Savita alimjibu, naye kwa Kisukuma hicho hicho, maana amezaliwa pale na ndipo anapozeekea.

Basi asubuhi moja Enock alikuwa anaunganisha miguu ya kitanda, simu ikaita. Alikuwa dada mmoja, anaongea taratibu. Alijitambulisha kuwa anaitwa Scolastika, wa kampuni ya sabuni. Akamwuliza majina yake na wilaya anayoishi, kisha akamwambia kwamba ameshinda tangi la maji, lile kubwa jeusi la kuweka nje ya nyumba.

"Utakuja kulichukua kwa wakala wetu, Geita mjini," dada akasema. "Njoo mwenyewe, uje na kitambulisho na hiyo simu yako. Hakuna cha kulipa."

Sisi majirani tulidhani amejipiga nyundo kidoleni. Alipiga kelele, akaruka, akatoka mbio na gundi mkononi. Aliwaambia wauza nyanya, akawaambia bodaboda, akamwambia hadi mteja aliyekuja kudai kabati lake. Soko zima likajua kwamba Enock ameshinda tangi.

Agnetha ndiye peke yake ambaye hakucheka. Alikuwa anachambua mchele uani, akaendelea kuchambua.

"Baba Nelly, hivyo hivyo ndivyo walivyomwanza Paskalina."

Paskalina ni mdogo wake Agnetha, muuza dagaa wa Nkome. Mwaka juzi alipigiwa simu na mtu aliyemwambia kuwa ameshinda, akamsomea mtu huyo namba yake ya siri, na kabla hajarudi kwenye vichanja vyake vya dagaa, mtaji ulikuwa umekwenda. Tangu hapo hakuwa akipokea simu ya namba asiyoijua.

"Lakini huyu hakuniuliza namba ya siri," Enock akajitetea.

"Bado. Ndiyo kwanza asubuhi."

Mchana simu ikaita tena. Safari hii alikuwa mwanamume, mchangamfu, mwenye heshima zote. "Shikamoo mzee Enock! Hongera sana kwa tangi." Enock akaitikia marahaba, akakaa vizuri kwenye kigoda. Kijana akaeleza kwamba wanathibitisha washindi, kwa hiyo anahitaji namba ya kitambulisho cha taifa, tarehe ya kuzaliwa, na jina la mama yake mzazi. Halafu utaingia ujumbe wenye tarakimu, amsomee hizo tarakimu. Wafanye haraka, mzee, kwa sababu orodha inafungwa leo, na kuna mtu wa akiba anaingoja nafasi hiyo.

Enock akavaa miwani. Akatoa kitambulisho, akaanza kusoma namba, moja moja, kwa ile sauti yake ya besi inayosikika mpaka barabarani. Alikuwa amefika katikati, Agnetha akaja na kukifunika kitambulisho kwa kiganja chake chenye pumba za mchele.

"Yule dada wa asubuhi alikuuliza jina la mama yako?" akamnong'oneza.

"Hapana."

"Alikwambia uje mwenyewe. Sasa huyu kwa nini anataka umalize kila kitu hapa hapa?"

Kabla Enock hajajibu, ujumbe ukaingia. Ulikuwa na tarakimu kadhaa, na chini yake maneno. Enock aliyasoma kwa sauti, polepole kama anavyosoma nota mpya: "Usimpe mtu yeyote namba hii."

Akairudisha simu sikioni. "Kijana wangu, hapa wameandika nisimpe mtu yeyote. Sasa wewe si mtu?"

Yule kijana akabadilika sauti. Heshima yote ikayeyuka, akaanza kumfokea: mzee asiyeelewa, mzee anayepoteza bahati yake kwa ushamba. Enock akakata simu, akavua miwani, akaiweka juu ya meza.

Agnetha alimfanya apige hapo hapo huduma kwa wateja ya mtandao wake, wakabadilisha namba ya siri na kuiripoti ile namba ya kijana. Hakuna kilichokuwa kimepotea. Hilo likaisha vizuri.

Lakini Enock akazimika. Akilini mwake, simu ya mchana ilikuwa imeiua na ya asubuhi. Wote walikuwa kitu kimoja, wamekaa mahali wanamcheka. Jioni hakwenda mazoezi ya kwaya. Kesho yake alipiga randa kimya kimya, na sisi tuliokuwa tunapita tukaona aibu kumsalimu, maana waliokuwa wamempongeza ni sisi, na waliokuwa wanamwita "mzee wa tangi" wakicheka walikuwa ni sisi pia.

Agnetha aliweza kuvumilia kelele za Enock miaka yote. Ukimya wake ulimshinda. Alijifunga khanga, akaenda dukani kwa Savita, akamweleza yote.

Savita alisikiliza huku anampimia mteja sukari. "Mama Nelly, mtu wa mchana alijuaje habari ya tangi?"

"Nani asiyejua? Baba Nelly aliitangaza sokoni kama mnada."

"Basi inawezekana mmoja ni wa kweli, na mwingine aliisikia sokoni, akaja kujaribu bahati." Savita akachukua boksi jipya la sabuni, akaligeuza. "Tusiwapigie wao. Tupige namba ya kampuni iliyoandikwa hapa."

Wakapiga, simu ikiwa juu ya kaunta, sauti imefunguliwa. Ikapiga muziki muda mrefu, Savita akauza kiberiti na mafuta ya kula, Agnetha akauma kucha. Mwishowe akapokea mtu, akaangalia orodha ya washindi, akasema ndiyo, Enock wa wilaya yetu ya Nyang'hwale yumo, alipigiwa jana asubuhi na Scolastika. Kampuni haiulizi namba ya siri wala tarakimu za kwenye ujumbe. Mshindi anaonyesha kitambulisho mkono kwa mkono, basi.

Savita hakuridhika. Akampigia Rushabh, mtoto wa binamu yake mwenye ghala Geita, jirani na yule wakala wa sabuni. Rushabh akatoka nje, wakasikia viatu vyake kwenye kokoto, kisha akacheka.

"Tangi lipo uani, shangazi. Limeandikwa Enock kwa chaki."

Agnetha alirudi nyumbani karibu anakimbia. Enock alisikiliza, akatikisa kichwa. "Siendi. Nimeshachekwa vya kutosha."

"Hutakwenda peke yako. Tutachekwa wawili."

Siku ya pili yake walipanda basi. Kitambulisho alikibeba Agnetha, ndani ya blauzi. Kwa wakala, kila kitu alichoulizwa Enock, Agnetha alikiuliza kwanza ni cha nini. Walipotaka kutoa kopi ya kitambulisho, akamwambia karani aandike juu ya kopi ile kwamba ni kwa ajili ya tangi tu. Karani alimtazama, akatabasamu, akaandika. Walipotaka kumpiga picha mshindi, Agnetha akauliza tena, wakamwambia ni ya tangazo na hailazimishwi. Enock akasema yeye anataka, lakini apigwe pamoja na huyu mama. Ndiyo maana kwenye ile picha amesimama anacheka meno yote nje, na Agnetha pembeni yake anamkodolea macho mpiga picha kama askari wa zamu.

Tangi lilikuja Kharumwa juu ya kenta, wao wawili wamebanana mbele na dereva. Tulilishusha sisi, kwa kelele, na wengine waliomba msamaha kwa utani, wengine kwa kweli. Paskalina alifika Jumapili na furushi la dagaa. Alilizunguka tangi, akaligonga kwa ngumi, kisha akakaa na dada yake jikoni na kumweleza, kwa mara ya kwanza bila kuruka chochote, jinsi alivyoibiwa: jinsi mtu yule alivyomwita mama, jinsi yeye alivyomshukuru kabla hajamsomea namba. Enock alikuwa mlangoni.

"Shemeji," akasema, "mimi nilifika katikati ya namba. Ningekuwa peke yangu, ningemaliza na kumwimbia."

Paskalina akacheka mpaka akashika ukuta.

Aliyepiga simu ya mchana hatujamjua mpaka leo. Jukwaa la tangi Enock alilijenga mwenyewe kwa mbao nzito, na kazi hiyo ilichelewa kwa sababu hawakuelewana: yeye alilitaka mbele ya nyumba, watu walione wakipita; Agnetha alilitaka nyuma, karibu na jikoni, mahali ambapo maji yana kazi. Waligombana wiki nzima, kwa raha kabisa. Lipo nyuma.