Shati Ambalo Shangazi Aligoma Kulishona

Shangazi yangu ni fundi wa nguo, na mdomo wake una kasi kuliko cherehani. Kibanda chake kinatazamana na geti la shule, kwa hiyo sare zote zilizochanika zinaishia kwake. Anazijua siri za mashati. Ukicheza, linachanika kwapani. Ukikabwa, linachanika kolani, na vifungo vya juu vinang'oka na kitambaa chake.

Juzi binti wa kidato cha kwanza alileta shati lilelile mara ya tatu. Kolani tena. Shingoni ana alama za kucha.

"Nimeanguka, shangazi."

"Umeangukia vidole vya nani?"

Binti akaangua kilio. Shangazi akalichukua shati, akavuka barabara, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni, mpaka ofisini kwa mwalimu mkuu.

"Ah, fundi, watoto wanacheza tu," mkuu akacheka alipoonyeshwa kola iliyochanika.

Shangazi akamshika kola. Hakuvuta, alishika tu. "Nivute mpaka vifungo viruke, halafu tuite mchezo?"

Kicheko kikakatika kama umeme.

"Mnawafundisha kutafuta eneo la duara," akafoka, "mnashindwa kuwafundisha kukasirika bila kukaba mwenzao? Hili sishoni! Nimeshashona mara mbili, kumbe nawafichia aibu."

"Basi liache hapa, nitalishughulikia."

"Thubutu!" Shangazi akavuta kiti, akakaa, shati mapajani. "Waite waliomkaba na wazazi wao. Leo sina haraka."

Mkuu akachukua simu.